Mtu wa Upande Ule

Godwin aliletwa kiwandani na gari la kampuni, mvua ikinyesha, na siku hiyo hiyo wafanyakazi wakaarifiwa kwamba kwa miaka yote mahusiano yao yalikuwa mabovu. Ndiyo faida ya kupata msomi. Bila yeye wangezeeka vivi hivi, wakiazimana masweta, wakipokeana zamu mtoto wa mtu akiugua, wakibebeana majeneza kwenye utelezi wa Masukulu, wala wasijue kuwa wana tatizo.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, na kila kitu kilikuwa kinabinafsishwa. Kiwanda cha chai cha hapo Tukuyu, mali ya umma tangu Tusekile akiwa anajifunza kuandika jina lake, kilikuwa kimeuzwa kwa mwekezaji ambaye hakuna aliyemwona ila wote walimwogopa. Mabadiliko yalikuja kwa kasi. Kwanza choo cha ofisini kilipakwa rangi. Halafu Lutufyo, nyapara wa zamu, aliambiwa kuwa sasa ni supavaiza, akapewa koti jeupe na mshahara ule ule. Mwisho ikatangazwa kwamba watu thelathini watapunguzwa, na aliyeletwa kuwachagua ndiye huyu Godwin, ofisa utumishi mpya, mwenye cheti cha semina ya wiki mbili juu ya kujenga mahusiano bora kazini.

Alikuwa Mnyakyusa, tena wa hapo Kawetele kwa baba na kwa mama, jambo ambalo hakuchoka kulitaja. Ila alikulia Dar es Salaam tangu ananyonya. Kinyakyusa chake chote kilikuwa neno moja la salamu, "ugonile," nalo aliwarushia wazee wa kiwanda kama mtu anayemsalimu mtoto wa jirani. Wazee waliitika. Wangefanyaje? Orodha ya watu thelathini ilikuwa mfukoni mwake.

Tusekile hakuwa tayari kuwa mmoja wa hao thelathini. Mumewe, Rubeni, alikwenda Chunya kutafuta dhahabu, akarudi na kikohozi, na kikohozi hicho kikampeleka kaburini mwaka wa tisini na moja. Alimwachia watoto watatu na kipande cha migomba ambacho mvua ilikuwa inakimega taratibu na kukipeleka mtoni. Binti yake mkubwa, Lusungu, alikuwa kidato cha kwanza, na walimu walisema ana kichwa. Kazi ya mama ikiota mbawa, Lusungu angerudi nyumbani kushika jembe, basi. Tusekile aliamka na jambo hilo na akalala nalo.

Sasa kuna kitu ambacho Godwin hakufundishwa kwenye semina. Fundi wa boila hapo kiwandani alikuwa mzee mmoja mrefu, mgongo umeanza kupinda, anayeitwa Ambindwile. Jina hilo kinywa cha Tusekile hakikuwa kimewahi kulitamka, kwa sababu mzee huyo alikuwa baba wa marehemu Rubeni, yaani mkwe wake. Na kwa watu wa kwao, awe mlokole au asiwe, mkamwana hamtazami mkwewe usoni. Hamtaji jina. Haketi naye chumba kimoja, na wakikutana njiani mwanamke huingia porini mpaka mzee apite, hata kama pori lenyewe lina upupu. Huko ndiko kumheshimu. Tusekile alikuwa ameolewa miaka kumi na minne iliyopita, na kama angeulizwa mkwewe ana macho ya namna gani, asingekuwa na jibu. Alimjua kwa mabuti yake, kwa namna alivyokohoa, na kwa harufu ya moshi wa mikaratusi iliyomfuata kila alikokwenda.

Mtu atauliza, wawili hao waliwezaje kufanya kazi kiwanda kimoja kwa miaka tisa? Waliweza vizuri tu. Boila ilikuwa upande wa chini wa kiwanda, majiko ya kukaushia chai upande wa juu, na katikati palikuwa na chumba cha kuchekecha, walimofanya kazi wanawake kumi na wanane, Tusekile akiwa mmoja wao. Kila saa nne asubuhi na saa nane mchana ilimlazimu mzee apite katikati ya chumba hicho kwenda kusoma joto la majiko. Kabla ya kupita aligonga bomba la mvuke kwa spana, mara tatu. Mlio ulipanda na bomba mpaka kwa wanawake. Tusekile aliacha chekecheo lake akaingia nyuma ya rundo la magunia. Esnath, jirani yake wa mezani, alisogea akashika mahali pake ili chai isimwagike. Mzee alipita akitazama sakafu kama mtu aliyedondosha sindano, na wakati wa kurudi aligonga tena. Kazi haikusimama hata dakika moja. Lutufyo, alipokuwa bado nyapara, alipanga mapumziko ili wawili hao wasikutane kwenye birika, na mlinzi wa geti alijua nani apitie mlango gani. Hakuna aliyewahi kuitisha kikao juu ya jambo hili wala kuchora mishale kwenye karatasi kubwa.

Na msidhani kwamba walikuwa hawasemezani. Kupitia kwa Esnath walizungumza kuliko wanandoa wengi wa Tukuyu. "Mwambie mtu wa upande ule kwamba mdogo amepona homa." "Mwambie mtu wa upande ule Jumamosi kuna msiba Kisondela, asiende shamba." Tusekile alipika kande, Esnath akapeleka bakuli, na bakuli likarudi na maparachichi. Siku mabuti ya Tusekile yalipopasuka, mapya yalikutwa juu ya magunia bila neno lolote, nayo yalimkaa sawasawa. Mtu anayetazama sakafu kwa miaka tisa huishia kujua saizi za miguu ya watu. Na Rubeni alipozikwa, ndugu fulani walipoanza kunong'ona kwamba mwanamke arudishwe kwao na shamba libaki, mzee aliwajibu mbele ya ukoo mzima kwamba mtu wa upande ule ni mwanawe wa kumzaa, na anayetaka kumfukuza aanze kumfukuza yeye. Tusekile aliyasikia maneno hayo akiwa nyuma ya ukuta wa jiko, na alilia mpaka moto ukazimika. Hakuwahi kumshukuru kwa mdomo wake mwenyewe. Alimpikia kande.

Basi, hao ndio watu ambao Godwin alikuja kuwajengea mahusiano.

Alianza kwa fomu. Kila mfanyakazi alipewa yake, na wasiojua kusoma walisomewa kwa sauti mbele ya wale ambao fomu iliuliza habari zao, ili siri itunzwe. Nani rafiki yako kazini? Nani unamheshimu zaidi? Je, yupo mfanyakazi ambaye hujazungumza naye kwa zaidi ya mwezi mmoja? Esnath aliandika kwamba rafiki yake ni mashine namba mbili, maana haina umbea. Tusekile alifika swali la heshima, akashika kalamu muda mrefu. Alimjua anayemheshimu zaidi. Kuliandika jina lake ndiko kulikomshinda, kwa hiyo aliacha pengo.

Mzee Ambindwile naye alikuwa mtu mkweli, ugonjwa mbaya kuwa nao wakati wa kupunguza wafanyakazi. Kwenye swali la mtu ambaye hajazungumza naye alijaza kwa herufi kubwa za mtu aliyefundishwa na wamisionari: MAMA LUSUNGU. MIAKA KUMI NA MINNE.

Godwin aliposoma hapo nusura aruke kwenye kiti. Wiki nzima alikuwa anatafuta mgogoro na hakuupata. Watu walikuwa wanapatana kwa namna ya kukatisha tamaa. Sasa amepata wa miaka kumi na minne! Akateremka chumba cha kuchekecha kwenda kuuona kwa macho yake. Saa nne bomba liligongwa, mwanamke akakimbilia nyuma ya magunia, mzee akapita kainamisha uso. Kila kitu kilikuwa wazi kwa mtu mwenye cheti. Alirudi ofisini mbio mbio, akaandika: Mgogoro namba moja. Chuki ya kiwango cha juu. Wahusika hawatazamani.

Kesho yake alimwita Tusekile ofisini.

"Karibu, Mama Lusungu, kaa. Hapa hakuna bosi wala mfanyakazi, sisi ni kitu kimoja," alisema akiwa upande wake wa meza kubwa. "Nataka unieleze una ugomvi gani na Mzee Ambindwile."

Tusekile aliposikia jina hilo aliinamisha kichwa.

"Unaona? Hata akitajwa tu uso unabadilika. Hasira bado ziko ndani."

"Si hasira, bosi. Ni baba mkwe wangu."

"Hapo ndipo pabaya zaidi. Ugomvi wa kifamilia mmeuleta kazini."

"Hatuna ugomvi."

"Miaka kumi na minne hamjasemezana, Mama Lusungu!"

"Ndiyo, bosi. Tunapatana sana."

Godwin alimtazama kwa huruma nyingi sana, ile inayotolewa bure, halafu akaandika kwenye daftari lake, akisoma kila neno kwa sauti ya chini: "Mhusika anakana tatizo."

Tusekile alijaribu tena. Alimweleza kwa utulivu habari ya bomba, ya magunia, ya Esnath, na kwamba chai haijawahi kuungua hata siku moja kwa ajili hiyo. Alimweleza kwamba ndivyo anavyoheshimiwa mzee. Godwin alitikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Mimi pia ni Mnyakyusa, tena wa Kawetele, mila hizi usinifundishe. Hizo zilikuwa za bibi zetu. Sasa hivi ni soko huria, watu wanatazamana usoni. Jumamosi anakuja mgeni kutoka makao makuu. Kila mfanyakazi atasimama na mwenzake, washikane mikono, watazamane machoni, waitane majina, na kila mmoja amwambie mwenzake neno moja zuri. Nyinyi wawili mtakuwa wa mwisho, maana ndio mtakaowagusa watu."

"Na ikishindikana?"

"Wawili wasioweza kushikana mikono hawawezi kufanya kazi kiwanda kimoja. Watatupisha." Akaongeza kwa upole, "Ninafanya hivi kwa faida yako."

Tusekile alitoka mle akiwa na hasira. Angetukanwa, angejua la kujibu. Huyu alikuwa anamvunja huku akimpigapiga begani.

Habari zilienea kiwandani kabla hajafika mezani kwake. Wote walikasirika, na wote walikasirika kwa sauti ya chini. Lutufyo alivua kofia, akasema piga ua, yeye mwenyewe atakwenda kumweleza bosi mambo ya hapa, haiwezekani mtoto wa juzi awaharibie watu heshima. Akaingia ofisini kifua mbele. Walimsubiri robo saa. Akatoka amebeba boksi la fulana nyeupe, ameambiwa azigawe. Kifuani zilikuwa zimeandikwa kwa kijani: SISI NI FAMILIA MOJA.

"Amesemaje?" Esnath aliuliza.

"Amesema tuchague saizi," alijibu Lutufyo bila kumtazama mtu.

Hakuna aliyemcheka. Kila mmoja alikuwa na Lusungu wake nyumbani.

Ijumaa jioni Tusekile alisimama jikoni kwake, akaunyooshea mkono mwimo wa mlango. Alitaka kujua kama ataweza. Alijiambia huu ni mti tu, na kesho itakuwa mkono tu, mkono wa mzee uliojaa makovu ya moto, jambo la kufumba na kufumbua, na Lusungu atabaki shuleni. Mkono ulifika nusu ya njia ukakataa. Alijaribu akiwa amefumba macho. Alijaribu akiwa amejitanda kanga kichwani. Aliona aibu mbele ya mwimo wenyewe wa mlango, akakaa chini akashika tama.

Esnath akabisha hodi, akaingia na bakuli la jana.

"Nina maneno ya upande ule," alisema. "Anasema uje kazini kesho. Usiogope. Na fulana yao uivae."

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Nilimwuliza, tata, baba yangu, una maana utampa mkono? Akasema, peleka kama nilivyosema."

Tusekile alielewa kwamba mzee amekubali. Kwa ajili ya wajukuu amekubali kudhalilika mbele ya watu, katika uzee wake, na kumtazama mkamwana wake machoni kama anavyomtazama muuza duka. Alimwonea huruma kuliko alivyojionea yeye. Akaosha bakuli lile mara mbili bila sababu.

Jumamosi sherehe ilifanyika katika chumba cha kuchekecha, maana ndicho chumba kikubwa. Mashine zilizimwa. Mgeni wa makao makuu alikuwa mwanamume mnene, mpole, mwenye viatu ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya matope ya Rungwe, na alipewa kiti chenye mto. Godwin alivaa fulana juu ya shati na tai. Akahutubia kwa nusu saa juu ya upendo, akiwa na orodha ya thelathini mezani, pembeni ya maua.

Halafu mahusiano yakaanza kujengwa. Atupele na Tupokigwe, waliozaliwa tumbo moja na kuimba kwaya moja tangu utotoni, walisimamishwa uso kwa uso na kuamriwa wafahamiane. "Naitwa Atupele," alisema Atupele. "Nafurahi kukufahamu," alisema dada yake. Mgeni akapiga makofi. Esnath alipangwa na Lutufyo. Alipotakiwa kumwambia neno zuri alifikiri sana, kisha akasema koti lake linang'aa. Watu walicheka kidogo, wakamtazama Godwin kama inaruhusiwa.

"Na sasa," Godwin alisema, sauti akaishusha kama mchungaji anayekaribia sadaka, "ndugu wawili waliochukiana kwa miaka kumi na minne. Mama Lusungu, pita mbele. Mzee Ambindwile!"

Tusekile alipita mbele. Alisikia miguu yake ikitembea lakini hakuamini kuwa ni yake. Alisimama karibu na meza, fulana ikimbana mabegani, na kwa mara ya kwanza akawa hana pa kuingia. Mzee hakuwa kwenye mstari.

"Mzee Ambindwile yuko wapi?" aliuliza Godwin.

Bomba la mvuke likagongwa. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Mwili wa Tusekile haukuomba ruhusa. Aligeuka, akapita katikati ya wanawake, nao wakaachia njia na kuifunga nyuma yake kama walivyofanya kila siku kwa miaka tisa, na alipofika nyuma ya magunia Esnath alikuwa tayari amesimama mbele ya meza, mahali pake, mikono ameishusha. Yote hayo yalichukua muda wa mtu kupiga chafya. Mgeni aligeuza shingo huku na huku. Alimwona mwanamke mmoja amekuwa mwingine, akadhani ni sehemu ya maonyesho.

Kisha mabuti yakaingia. Tusekile aliyasikia yakitembea polepole, yasiyo na haraka, yakapita mashine namba moja, namba mbili, yakasimama mbele. Kitu cha chuma kikawekwa mezani.

"Mwana wa Kawetele," ilisema sauti ya mzee, "nimeisikia sheria yako. Umesema wawili wasioshikana mikono hawawezi kufanya kazi kiwanda kimoja."

"Mzee wangu, si sheria, ni utaratibu wa..."

"Naloli, ni kweli, sikukatalii. Mimi nimezeeka, labda hawawezi kweli. Basi wasiwe wawili. Abaki mmoja." Alikohoa kidogo. "Spana yako hiyo. Niandike mimi hapo kwenye thelathini. Yule wa upande ule ana watoto wa mwanangu wanasoma. Yeye asiguswe. Mgeni amesikia, na watu hawa wote wamesikia."

Nyuma ya magunia Tusekile alifungua kinywa. Neno lilikuwa moja tu, baba, na lilikuwa limefika kwenye ulimi. Angelitamka, mzee angesimama. Angetoka pale akamshika mkono, watu wangetazama, wangesema, wangechoka kusema, na boila ingeendelea kuwaka. Lakini heshima ile aliyolelewa nayo ilimziba mdomo kwa nguvu kuliko mkono wa mtu, na neno halikutoka. Alimchukia Godwin. Aliichukia fulana. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliichukia hata heshima yenyewe, huku akijua kwamba mzee amejitoa kazini ili kumtunzia heshima hiyo hiyo. Aliuma ukosi wa fulana ili asisikike.

Wengine je? Wengine walikuwepo. Lutufyo alifungua mdomo, akatazama koti lake jeupe, akaufunga. Wanaume wa kupakia waliitazama mvua mlangoni kana kwamba hawajawahi kuona mvua Tukuyu. Mabuti yakageuka, yakatembea kuelekea nje.

"Imekuwaje?" mgeni alimnong'oneza Godwin.

Godwin alikuwa amepigwa na butwaa, lakini semina ya wiki mbili si mchezo. Alijikusanya. "Mgogoro umetatuliwa," alisema. "Kwa hiari ya wahusika."

"Safi sana," alisema mgeni, na akapiga makofi, na wengine wote wakapiga.

Ripoti ilikwenda makao makuu Jumapili hiyo hiyo. Ilisema mahusiano yamepanda kutoka wastani hadi bora, na kwamba nafasi ya thelathini ilijazwa bila malalamiko. Mzee Ambindwile alirudi nyumbani na barua yenye mhuri na fulana yake, kwa sababu kampuni haibagui. Hata waliopunguzwa walibaki kuwa familia moja. Mama yake Godwin, aliyekuwa amesharudi kuishi Kawetele, inasemekana aliposikia mwanawe alitaka mkamwana amshike mkwewe mkono hadharani, alimpelekea chakula barazani akamwacha ale peke yake kama mtu aliyetengwa. Godwin aliona ni heshima ya kijijini. Akakitaja kitendo hicho kwenye semina iliyofuata.

Jumatatu Tusekile alifika kazini kama kawaida. Fundi mpya wa boila, Fred, kijana kutoka Mbeya mjini, alikuwa ameshaharibu chai ya asubuhi kwa moto mwingi, na harufu ya kuungua ilijaa kiwandani. Mlinzi wa geti alimwambia Tusekile kwa upole kwamba sasa anaweza kupitia mlango wowote. Yeye alipitia ule ule wa miaka yote.

Saa nne ikakaribia. Esnath alikuwa amesogea karibu na chekecheo la Tusekile, mkono mmoja uko tayari pembeni, na alipogundua anachofanya akaurudisha taratibu mfukoni mwa aproni. Tusekile aliona. Macho yake aliyaweka kwenye chai. Saa nne ikapiga, bomba likakaa kimya, na ukimya huo ulimwuma kuliko siku ya Jumamosi.

Ndipo Lutufyo alipotoka ofisini kwake. Spana ya mzee ilikuwa mkononi mwake. Aliichukua Jumamosi kutoka mezani, na hakuna aliyemwuliza. Koti jeupe hakulivaa. Alifika kwenye bomba, akasimama kidogo kama mtu anayetaka kuomba msamaha asijue aanzie wapi, halafu akagonga. Mara tatu.

Tusekile aliacha chekecheo. Wanawake wakaachia njia, wakaifunga. Esnath akashika mahali pake. Nyuma ya magunia alikaa chini, akaegemea chai ya daraja la kwanza, akalia kwa sauti yote aliyoizuia tangu Jumamosi, na huko nje wanawake kumi na saba, bila kuambiwa na mtu, walizima mashine moja baada ya nyingine ili apate nafasi ya kulia vizuri.

Godwin alisikia kiwanda kimenyamaza, akaja mbio na daftari.

"Supavaiza! Mashine zimezimwa kwa nini? Watu wanafanya nini hapa?"

Lutufyo alimtazama usoni, moja kwa moja, kama alivyofundishwa.

"Tunajenga mahusiano, bosi," alisema.

Godwin akatabasamu, akafungua daftari, akaandika.